Mabomba 12 kupitia ukuta mmoja wa msingi: yapite wapi, na vipi?

SWALI: Assalaam aleikum Injinia. Mimi na ndugu zangu tunajenga nyumba ya ghorofa nne Tudor, Mombasa, kwenye kiwanja tulichoachiwa na marehemu baba, na mimi ndiye ninayesimamia kazi. Chini kuna besmenti ya magari na chumba cha pampu. Msingi umeshamwagwa na vyuma vya ukuta ndiyo kwanza vinaanza kusimama. Ukuta ni wa zege, unene milimita 250, kimo mita tatu. Sasa fundi bomba, fundi wa stima na watu wa intaneti wote wanataka kupita ukuta wa upande wa barabara. Nikihesabu napata mabomba 12: matatu ya maji taka, mawili ya maji ya kaunti, moja la kisima, moja la kujazia maji ya boza, matatu ya stima na mawili ya intaneti. Kontrakta anasema tumwage ukuta kwanza, kisha kila mtu atatoboa pake, ndivyo inavyofanywa kila mahali. Ramani ya injinia wetu haina shimo hata moja. Nikubali? Na kama sivyo, mabomba haya yapangwe vipi?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Usikubali. Na umeuliza wakati mzuri kabisa, kwa sababu karibu yote nitakayokueleza hugharimu kidogo kabla fomu, yaani mbao za kumwagia zege, hazijafungwa na hugharimu sana zege likishakauka. Mwambie kontrakta asifunge mbao za upande wa pili mpaka iwepo karatasi moja yenye mashimo yote: kila shimo na kipenyo chake, kimo chake kutoka chini, umbali wake kutoka kona, na ni la nani. Karatasi hiyo aipitie injinia wako, aipigie hesabu na kuitia sahihi. Yeye alihesabu ukuta usio na tundu. Ukuta wenye matundu 12 ni ukuta mwingine.

Nianze na kazi ya ukuta wenyewe, maana ukiielewa hiyo utajua mwenyewe ni wapi pa kupitisha bomba na ni wapi pa kukataa.

Udongo mkavu wa kawaida una uzito wa kama kilonewtoni 18 kwa kila mita ya ujazo. Ukuta usiosogea husukumwa ubavuni kwa takriban nusu ya uzito huo, kwa hiyo mita tatu chini kila mita ya mraba ya ukuta wako inasukumwa kwa kilonewtoni 27 hivi, yaani karibu tani 2.7. Udongo huo ukijaa maji mpaka juu, msukumo wa pale chini hufika kama kilonewtoni 45, kwa kuwa maji husukuma ubavuni kwa uzito wake wote. Ukuta ulioshikwa chini na msingi na juu na slebu ya graundi hupinda kuelekea ndani. Kwa ukuta wa mita tatu, mpindo mkubwa zaidi uko kama mita 1.3 kutoka chini. Nguvu ya kukata, ile inayotaka kuutelezesha ukuta uchomoke juu ya msingi, ni kubwa zaidi pale chini kabisa kwenye maungio. Theluthi mbili za msukumo wote wa udongo huishia hapo.

Ukilitazama hilo unaona kwamba theluthi mbili za chini za ukuta zina kazi nzito, na theluthi ya juu imepumzika kidogo. Tena huko juu ndiko maji yanakosukuma kwa nguvu ndogo. Basi mabomba yako yote, kama inawezekana, yapite theluthi ya juu. Kona nazo ziachwe: vyuma vya mlalo vinapozunguka kona hupokezana nguvu pale, kwa hiyo acha angalau nusu mita kati ya kona na ukingo wa shimo la kwanza. Na maungio ya chini, pale ukuta unapoanza juu ya msingi, yasiguswe kabisa. Hapo ndipo wotastopu, ule ukanda wa kuzuia maji kwenye maungio, inapolala, na bomba likipita juu yake umekata kizuizi cha maji cha jengo zima.

Kuna jambo moja la kando ambalo lazima nilitaje kwa sababu linahusiana na fundi bomba wako. Kabla slebu ya graundi haijamwagwa, ukuta haujashikwa juu, na mpindo wa pale chini huwa mara mbili na nusu ya ule utakaokuwepo baadaye. Fundi bomba atataka udongo urudishwe mapema nyuma ya ukuta ili apate pa kulaza mabomba yake. Asubiri slebu imwagwe na ikomae, au injinia aseme kwa maandishi kwamba ukuta umehesabiwa kusimama peke yake.

Sasa maji, ambayo kwa Mombasa naona ni suala kubwa kuliko nguvu. Mwamba wa matumbawe uliobeba kisiwa chetu umejaa mianya, na maji ya chini ya ardhi hupanda na kushuka yakifuata bahari. Kadiri kiwanja kilivyo karibu na hori ndivyo yanavyofuata kwa haraka na kwa kimo. Kilindini, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Mtu akichimba shimo lake wiki ya maji mafu akalikuta kavu, akasema hapa hakuna maji, amepima wiki isiyo yake. Pimeni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, saa ya maji kujaa na tena saa chache baadaye, kwa kuwa ndani ya ardhi maji huchelewa. Kisima chenu kinaweza kutumika kwa kipimo hicho mradi pampu iwe imezimwa muda wa kutosha. Halafu mwachie injinia nafasi ya masika, maana Aprili na Mei maji ya mvua hukaa juu ya hayo ya bahari.

Maji hayo yana chumvi. Chumvi ikifika kwenye chuma, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo huipasua zege kutoka ndani. Ukuta wa kawaida huchukua miaka mingi kufikwa na hilo kama zege ni zito na limefunika vyuma vizuri. Tundu lililotobolewa kwa jekihama (nyundo ya mashine) hufupisha safari hiyo mpaka ikawa si kitu: ncha za vyuma vilivyokatwa zinabaki wazi pale pale maji yanapopita, na zege linalozunguka tundu limejaa nyufa ndogo za kipigo. Mara nyingi shimo la bomba la milimita 110 huishia kuwa pana kama sinia, kisha linazibwa kwa mchanga na saruji. Saruji hiyo husinyaa, maji hupata njia, na baada ya misimu miwili unaona michirizi ya rangi ya kutu ukutani ndani ya besmenti.

Kabla ya kupanga mabomba 12, tuyapunguze. Bomba la boza halina sababu ya kupita chini ya ardhi. Lori linasimama barabarani, mpira unaunganishwa juu ya ardhi, basi bomba lipite kwenye ukuta wa mawe wa graundi, juu ya slebu, na lishuke kwa ndani mpaka tangini. Intaneti mbili zinaweza kushiriki bomba moja la milimita 110 lenye nafasi ya ziada. Nyaya hizo ni nyembamba. Hapo tumebaki na 10. Ongeza mawili ya akiba, yaliyozibwa pande zote mbili, kwa sababu Mombasa nyumba haiachi kuongeza mabomba: leo maji ya kaunti yanakuja kwa zamu, kesho mnachimba kisima cha pili, kesho kutwa mnaweka mashine ya kuchuja chumvi. Muulize pia fundi wa stima kuhusu waya wa athi, ule wa usalama unaoingia ardhini, maana huo husahaulika kila mara na ndio unaomleta mtu na nyundo mwishoni. Unaweza kupitia moja ya yale ya akiba.

Atakayesema kwanza ni maji taka. Bomba la maji ya shinikizo hupanda na kushuka utakavyo, na waya hupinda, lakini maji taka hufuata mteremko. Wengi hudhani kwamba kwa sababu kuna besmenti, maji taka lazima yatoke chini. Vyoo vya ghorofa za juu havina haja ya kushuka besmenti. Bomba lake lining'inizwe chini ya slebu ya graundi kwa mteremko wa 1 kwa 60. Kwa mita kumi litashuka sentimita 17 tu, kwa hiyo litatoka kwenye theluthi ya juu bila shida na kwenda kwenye septiki au laini ya kaunti, kama mtaa wenu unayo. Maji ya sakafu ya besmenti yenyewe, ya kuoshea magari na yanayovuja kwenye pampu, yakusanywe kwenye shimo dogo na kusukumwa juu kwa pampu. Hilo ndilo bomba lako la tatu, na kwa kuwa ni la pampu linatoka juu pia. Weka vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo siku ya mafuriko barabara itamwagikia besmenti yako.

Sasa mpangilio. Slivu ni kipande cha bomba pana zaidi kinachozikwa ndani ya ukuta ili bomba lenyewe lipite ndani yake. Kwa bomba la 110, slivu ya 160 inatosha na inaacha nafasi ya kuziba pande zote. Mafundi wakiachiwa watazipanga slivu hizo kwa safu moja ya mlalo, zimebanana, kila milimita 300. Kati ya slivu na slivu linabaki zege milimita 140, yaani kwenye mstari huo umebaki na chini ya nusu ya ukuta. Kitabu cha risiti hutobolewa vitundu kwa mstari makusudi ili karatasi ichanike hapo, na safu ya mabomba yaliyobanana huufanyia ukuta vivyo hivyo. Kipimo ninachotumia ni kipenyo cha slivu mara tatu, katikati hadi katikati. Kwa slivu ya 160 ni milimita 480, na hapo theluthi mbili za zege zinabaki.

Lakini kwa ukuta wako ningekwenda mbali zaidi, ningeziweka kila milimita 600, mbili mbili, moja juu ya nyingine. Kwa nini juu na chini? Kwa sababu ukuta wako unabeba mzigo kwa kwenda juu na chini, kutoka msingi hadi slebu, na vyuma vinavyofanya kazi hiyo ni vile vya wima. Mabomba mawili yakifuatana kwenye uchochoro mmoja kati ya vyuma viwili vya wima, yanasumbua uchochoro mmoja tu. Yakipangwa ubavu kwa ubavu, yanasumbua miwili. Safu ya juu iwe kama nusu mita chini ya slebu, ya pili mita 1.1 chini ya slebu, kidogo tu chini ya theluthi ile ya juu. Slivu 12 zitachukua nguzo sita za slivu mbili mbili, mita tatu na kidogo za ukuta. Maji taka na stima ya umeme mkubwa yasichanganywe kwenye nguzo moja. Maji safi yakae mbali na maji taka, tena yapite juu yake.

Hapa kuna kitu kinachopendeza ukikiona kwenye karatasi. Ikiwa vyuma vyako ni Y12 (vyuma vya kipenyo cha milimita 12) kila milimita 200 pande zote mbili, kama kuta nyingi za unene huu, basi katika kila milimita 600 kuna vyuma vitatu na chochoro tatu za 200. Slivu ya 160 ikikaa katikati ya uchochoro wa 200 inabakisha milimita 14 kila upande, na kokoto za 20 haziwezi kupita hapo. Usikate chuma. Sogeza: uchochoro wa slivu uwe 250, na mingine miwili iwe 175 na 175. Jumla bado ni 600, vyuma bado ni vitatu, na sasa slivu ina karibu milimita 40 za zege kila upande. Fanya hivyo kwa vyuma vya wima na vya mlalo, ndani na nje. Umepitisha mabomba yote bila kukata chuma hata kimoja, na injinia wako ataona ni rahisi kutia sahihi. Kwa mabomba madogo ya 50 yenye slivu ya 75, hata kusogeza hakuhitajiki.

Pale ambapo chuma lazima kikatwe, kwa mfano mkiamua kuweka dirisha moja la mraba la stima, kanuni ni kurudisha ulichokitoa. Nusu ya vyuma vilivyokatwa viongezwe upande huu wa shimo na nusu upande ule, pande zote mbili za ukuta, na viendelee mbele ya ukingo wa shimo kwa angalau kipenyo cha chuma mara 40: kwa Y12 ni karibu nusu mita kila upande. Kwenye kona nne za shimo la mraba ongeza chuma cha mshazari, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona. Shimo la duara halina kona, na ndiyo sababu moja ninayolipendelea. Sababu ya pili ni kwamba dirisha kubwa linalojazwa baadaye lina maungio marefu ya zege jipya na la zamani kuzunguka pembe zote, na kila sentimita ya maungio hayo ni mahali pa maji kujaribu bahati.

Slivu za nini? Plastiki ngumu ya uPVC haishiki kutu, na kwa maji yetu ya chumvi hilo ni jambo kubwa. Kasoro yake ni kwamba ni laini mno, zege haling'ang'anii, na maji hutambaa kati ya plastiki na zege. Dawa yake ni ya kikazi: siku moja kabla ya kuziweka, paka ubavu wa nje gundi ile ile ya kuunganishia mabomba, kisha ubingirishe juu ya mchanga mkavu mkali ungali umelowa. Ikikauka unapata ngozi ya msasa ambayo zege hulishika. Halafu funga utepe wa mpira unaovimba ukipata maji kuzunguka slivu, katikati kabisa ya unene wa ukuta, uwe umefunikwa na zege angalau sentimita kumi kila upande. Ukiwa karibu na uso wa ukuta huweza kuvimba na kulibandua zege. Kwa mabomba ya chuma kuna njia ya zamani na nzuri, kola ya chuma iliyochomelewa kuzunguka bomba katikati ya ukuta, lakini isigusane na vyuma vya ukuta. Alumini usiikubali ndani ya zege kwa namna yoyote. Zege bichi huila.

Slivu zifungwe kwa waya kwenye vyuma, juu na chini, zisining'inie kwa misumari kwenye mbao. Slivu tupu ya 160 ndani ya ukuta wa 250 husukumwa juu na zege bichi kwa nguvu ya kilo 12 hivi. Nimezikuta zimepanda sentimita tano baada ya kumwaga, na bomba la maji taka lenye mteremko uliopimwa kwa uangalifu halina msamaha wa sentimita tano. Ziba midomo ya slivu kwa vifuniko vyake au kwa povu gumu, si kwa karatasi za mifuko ya saruji.

Siku ya kumwaga, simama pale mwenyewe. Hatari iko chini ya tumbo la slivu. Zege likimwagwa pande zote mbili kwa pamoja, hewa hunaswa chini yake na kubaki uwazi usioonekana mpaka maji yaanze kuuonyesha. Zege limwagwe upande mmoja wa slivu, vaibreta (mashine ya kutikisa zege) ifanye kazi upande huo huo, mpaka ulione zege likichomoza upande wa pili kutoka chini. Ndipo upande wa pili umwagwe. Ni dakika chache kwa kila slivu. Matabaka yawe ya nusu mita, si kumimina ukuta wote kwa mara moja.

Zege lenyewe liwe daraja 30 au zaidi, lenye maji machache, uwiano wa maji kwa saruji usizidi 0.5, na 0.45 ni bora. Maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima chenye chumvi. Nunua boza la maji matamu siku hiyo. Mchanga wa ufukweni usikanyage kiwanja chako. Kokoto za mawe ya matumbawe hunyonya maji na zina vitundu, kwa hiyo kwa ukuta huu dai kokoto za mwamba mgumu. Kifuniko cha zege juu ya vyuma upande wa udongo kiwe milimita 50. BS 8007, kanuni ya kuta za kuzuia maji ambayo wahandisi wengi wa rika langu waliisoma, ilitaka nyufa zisizidi milimita 0.2, na kanuni za Ulaya zilizoirithi zina msimamo wa namna hiyo hiyo. Ufa mwembamba hivyo haupatikani bila kulinywesha zege maji siku saba mfululizo, hasa wakati wa kaskazi ambapo jua na upepo hulikausha kabla halijashika.

Kisha kuziba nafasi kati ya bomba na slivu. Ninachopendekeza ni mnyororo wa vipande vya mpira unaozungushwa kwenye bomba na kukazwa kwa bolti. Ukikaza, mpira hutanuka na kujaza nafasi yote. Chagua wenye bolti za chuma kisichoshika kutu. Huvumilia bomba kusogea kidogo na unaweza kukazwa tena miaka ijayo kutoka ndani. Zaidi ya hapo, kizuizi kikuu kiwe upande wa nje, ule wa maji, ili maji yanaposukuma yaikandamize membreni (ngozi ya kuzuia maji) ukutani badala ya kuibandua. Membreni ya nje ivikwe kwenye bomba kama kola na kubanwa kwa bangili ya chuma kisichoshika kutu. Atakayekuambia kwamba atapaka dawa kwa ndani ikatosha, mwambie aanze kwa nje.

Mabomba ya stima yana siri yake. Mafundi huziba vizuri nje ya bomba, kisha maji huingia kupitia ndani ya bomba lenyewe, yakifuatana na waya. Chemba ya barabarani hujaa siku ya mvua kubwa, na bomba tupu huwa mfereji wa moja kwa moja mpaka kwenye bodi ya stima besmenti. Kila bomba la waya literemkie nje, kuelekea chemba, na midomo yake ya ndani izibwe kwa vizibo vya mpira vyenye matundu ya waya, hata yale ya akiba ambayo hayana waya. Chemba nayo iwe na njia ya kutolea maji.

Nje ya ukuta kuna jambo la mwisho la muundo. Jengo lako limekaa juu ya mwamba na halitashuka sana. Udongo uliorudishwa nyuma ya ukuta ndio utakaoshuka, na utalivuta bomba ulilolaza ndani yake. Bomba gumu hukatika pale pale kwenye uso wa ukuta. Udongo urudishwe kwa matabaka ya milimita 150 hadi 200, kila tabaka lishindiliwe. Kwa maji taka, weka kiungo cha mpira ndani ya milimita 150 kutoka ukutani, kisha kipande kifupi cha bomba kisichozidi milimita 600, kisha kiungo kingine. Vipande hivyo viwili vya kupinda vitakubali udongo ushuke bila bomba kuvunjika.

Kuhusu kutoboa baadaye, nisimdhulumu kontrakta wako. Shimo lililokatwa kwa mashine ya duara yenye meno ya almasi ni safi, na mnyororo wa mpira hukaa vizuri sana ndani yake. Kwa bomba moja lililosahaulika ni njia halali, ikiwa injinia ameruhusu, vyuma vimetafutwa kwanza kwa kifaa cha kuvitambua ndani ya zege, na ncha yoyote iliyokatwa imepakwa epoksi siku hiyo hiyo. Ninachokikataa ni mabomba 12 ya watu watatu wasioulizana, na jekihama.

Kabla udongo haujarudishwa, piga picha kila slivu na utepe wa kupimia ukiwa umeegemezwa kando yake, zihifadhi pamoja na karatasi ile yenye sahihi. Mwagieni kila maungio maji ya mpira kutoka nje kwa saa kadhaa, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Pale panapotoa unyevu parekebishwe sasa, jeraha likiwa wazi. Pampu za kutoa maji kwenye shimo la msingi zisizimwe mpaka injinia athibitishe kwamba uzito wa jengo lililokwisha kujengwa unatosha kuzuia besmenti kuinuliwa na maji. Zikishazimwa, nenda besmenti bamvua ya kwanza itakapojaa, ukague slivu moja baada ya nyingine, na fundi bomba asilipwe salio lake kabla ya ukaguzi huo.